Nane ya Babu

Babu yangu alipata nane kwenye hesabu. Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Isingiro, habari hiyo ilijulikana kuliko jina lake la ubatizo. Alifanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa mwaka 1961, siku zilezile nchi ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera ya Uhuru, katika shule moja ya misheni upande wa Bukoba. Karatasi zake zilisafirishwa hadi Uingereza, zikasahihishwa na watu ambao hawajawahi kuona mgomba, na majibu yakarudi mwaka uliofuata. Tangu siku hiyo hadi anazikwa, kila palipotokea ubishi wa fedha za mchango wa harusi au mgawanyo wa rubisi, babu alikohoa kidogo na kusema, "Mimi ni mtu wa nane." Watu wakamwachia daftari.

Sisi wajukuu tulikuwa na hakika kwamba nane ni nane ya kumi. Ndivyo walimu wetu wa shule ya msingi walivyosahihisha: nane ya kumi, vizuri sana.

Miaka mingi baadaye, nikisoma historia Dar es Salaam, nilikutana na maelezo ya jinsi Cambridge walivyokuwa wakipanga madaraja ya masomo. Walitumia namba 1 hadi 9. Moja ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa. Tisa ilikuwa kufeli. Nane, basi, ilikuwa ni kupita kwa kuchungulia mlangoni. Nilicheka maktaba mpaka dada aliyekaa jirani yangu akahamisha vitabu vyake. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu na mimi ninayo namba ya aina hiyo.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012 katika shule ya kata ambayo jina lake nitalihifadhi. Ulikuwa mwaka ambao Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya yake, kwa hiyo tulianza mwaka tukiwa watu wa Karagwe na kuumaliza tukiwa watu wa Kyerwa, tukiwa kwenye madawati yaleyale. Mtihani ulikuwa Oktoba, msimu wa senene ukianza. Usiku, penye taa yoyote palijaa watu na mapipa, na wengi wetu tuliona afadhali kukamata senene kuliko kukaa na koroboi na kitabu cha fizikia ambacho tulikuwa tukikisoma watu tisa.

Matokeo yalitangazwa tarehe 18 Februari 2013. Isingiro kulikuwa na kijana mmoja mwenye simu ya intaneti iliyoweza kufungua ukurasa mzito kama ule, naye alitoza shilingi 500 kwa kila jina. Alilitafuta jina langu, akaangalia, kisha akanirudishia mia mbili. Nilielewa kabla hajasema. Divisheni sifuri, pointi 34: F sita na D moja ya Kiswahili.

Sikuwa peke yangu, na hilo ndilo lililoufanya mwaka ule uingie kwenye historia. Waliopata sifuri nchi nzima walikuwa 240,903. Waliofaulu, ukijumlisha divisheni zote nne, walikuwa 126,847. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, tume ikasikiliza watu, na mwanzoni mwa Mei Bunge likaambiwa kwamba matokeo yale yanafutwa. Maelezo yalikuwa kwamba mwaka ule mipaka ya madaraja ilikuwa imewekwa kabla na haikusogezwa, tofauti na utaratibu wa miaka ya nyuma, wa kuangalia namna watahiniwa walivyofanya kisha kurekebisha. Alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa zamani. Mwishoni mwa Mei waliofaulu wakawa karibu 160,000.

Mimi nikiwemo. D yangu moja ikawa mbili, ya pili ni ya historia. Pointi 34 zikawa 33. Sifuri ikawa divisheni ya nne, ile ya mwisho kabisa, ambayo baada yake ni shimo. Mama alichinja kuku. Baba, ambaye hana maneno mengi, aliuliza kama nilirudia mtihani bila yeye kujua.

Nilikaa na swali lake miaka. Mwandiko ulikuwa uleule, majibu yalikuwa yaleyale, nami nilikuwa mtu yuleyule. Ila sikuwahi kujiona nimeonewa Februari wala kubebwa Mei. Nilichokiona ni kwamba upande wa hisabati hakuna kilichobadilika. Hisabati ilikuwa F ya Februari ikabaki F ya Mei. Fizikia hali kadhalika, kemia hali kadhalika. Unaweza kusogeza mstari juu au chini, lakini kuna watu ambao wako mbali na mstari kiasi kwamba kusogezwa kwake hawakusikii.

*

Historia ya alama za hisabati na sayansi nchini kwetu, ukiisoma kwa mtindo wa mtu aliyefeli, inageuka kuwa historia ya mistari iliyosogezwa.

Nchi ilianza na njaa ya wataalamu. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika ilipata Uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo cha sheria tu. Sayansi ilikuja mwaka 1965, uhandisi mwaka 1973; kabla ya hapo aliyetaka kusomea uhandisi alipelekwa Nairobi. Maana yake ni kwamba kwa kijana wa rika la babu, hata kama ile nane ingekuwa moja, mlango wenyewe ulikuwa bado unatafutiwa fremu.

Mtihani nao ulihama mikono. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki ili kupokea kazi ya Cambridge. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likatunga sheria ya kuunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Ndani ya muda usiozidi miaka sita, karatasi ya hisabati iliyokuwa ikivuka bahari ikawa inatungwa na kusahihishwa hapahapa. Hili silichukulii kwa wepesi.

Katikati ya hayo ilipita hisabati mpya. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, Wamarekani wakaingiwa na hofu kwamba watoto wao hawajui hesabu, na wakaanza kubadili mitaala. Hofu hiyo ikasafiri. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, ng'ambo tu ya ziwa letu, chini ya uongozi wa Ted Martin wa chuo cha MIT, wakaandika vitabu vilivyokuja kuitwa Hisabati ya Entebbe. Ghafla mwanafunzi aliyezoea kuulizwa bei ya magunia ya kahawa alianza kuulizwa habari za seti. Shangazi yangu ni zao la kipindi hicho. Hadi leo ukimpa kalamu anakuchorea miduara miwili iliyopandana na kuweka kivuli katikati, safi kabisa, na ukimuuliza ni ya nini anakujibu, "Hiyo ilikuwa lazima ichorwe." Kenya waliendelea nayo mpaka Rais Moi alipoifuta mwaka 1981. Kwetu ilififia ndani ya miaka ya 1970, bila kelele nyingi.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Hilo halikugusa maswali wala alama. Liligusa mlango. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakutakiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka miwili hivi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa nzuri na bado naitetea nikiwa na marafiki wabishi: msomi aijue jasho la nchi inayomsomesha. Lakini hisabati haina subira. Mtu wa historia akikaa miaka mitatu shambani anarudi na mengi ya kusema kuhusu wakulima. Mtu wa hesabu akikaa muda huohuo bila kugusa kalkulasi anarudi akiwa amesahau hata alama zake. Wanawake waliondolewa sharti hilo mwaka 1976 baada ya idadi yao chuoni kushuka, na kwa wengine nalo likalegezwa baadaye.

Ndani ya kipindi hichohicho kuna kisa kimoja ambacho kila kijana aliyesoma fizikia Tanzania anakijua nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, hakusubiri maziwa yake yapoe, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaingiza bila kuyachemsha. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wakimcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo mpaka leo. Nusu ambayo wengi hawaijui ni kwamba Mpemba hakuishia kuwa mwanafizikia. Alikwenda Mweka kusomea wanyamapori. Na kama swali lile lingetokea kwenye mtihani, maziwa ya moto na ya baridi yapi yatatangulia kuganda, jibu lake aliloliona kwa macho yake lingepewa sifuri.

*

Kufikia zamu yangu, tatizo halikuwa tena mlango kuwa mwembamba. Lilikuwa kinyume chake.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na muda si mrefu kila kata ikaambiwa ijenge shule yake. Mwaka ule wanafunzi wa sekondari nchini walikuwa hawafiki nusu milioni. Mwaka 2010 walizidi milioni 1.6. Ninawasikia watu wa mjini wakizibeza shule za kata, nami huwa nawaambia kwamba bila shule ya kata ningekuwa nauza mkungu wa ndizi barabarani nikiwa na umri wa miaka 14. Ila majengo yanajengwa kwa mwaka mmoja, na mwalimu wa fizikia hajengwi kwa mwaka mmoja. Serikali ilichukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya muda mfupi, ikawasambaza. Wananchi wakawaita vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Mimi nilifundishwa na mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, alisoma masomo ya sanaa, na akapewa hisabati kidato cha pili kwa sababu mwenye hisabati alikuwa ameondoka. Jioni alikuwa anasoma mada ya kesho kwa koroboi kama sisi. Alitutangulia ukurasa mmoja. Nilikuja kumheshimu sana baadaye, nilipojaribu mwenyewe kumfundisha mtu.

Maabara yetu ilikuwa kuta nne za mawe zisizo na paa, mbuzi wakipumzika humo mchana. Kwa shule kama yetu, mtihani wa sayansi ulikuwa na karatasi mbadala wa vitendo: badala ya kupewa bureti na tindikali, unapewa picha ya bureti na kuulizwa ingesoma ngapi. Niliijua bureti kwa michoro kama ninavyomjua Yesu. Mwishoni mwa 2012, sisi tukiwa tumeshafanya mtihani, Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na miaka miwili iliyofuata kila kaya ilichangishwa. Baba alichangia. Paa likapanda. Mbuzi wakahama.

Kuna jambo moja la kemia ambalo bado linaniuma, nalo ni dogo. Kidato cha tatu tulikariri tanuri la kuyeyushia chuma: makaa, chokaa, hewa ya moto, kipi kinaingia juu na kipi kinatoka chini. Nililikariri mpaka nikaliota, na nikalikosa. Nikiwa chuo ndipo nilipojua kwamba mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu wafua chuma wa zamani wa upande huu wa ziwa. Wazee wa Kihaya waliwajengea tanuri kwa kumbukumbu, wakapuliza kwa mivukuto, na watafiti wakaonyesha kwamba ufundi wa aina hiyo, wa kuipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, ulikuwapo hapa tangu karne za mwanzo baada ya Kristo. Na Bweranyange, kwenye makao ya wafalme wa Karagwe, kulikuwa na ng'ombe na nyundo za chuma kama alama za utawala. Kutoka darasani kwetu mpaka Bweranyange unaweza kwenda na pikipiki ukarudi siku hiyohiyo. Sisemi kwamba ningejua hilo ningepata A. Ningepata picha ya kuanzia, basi.

*

Baba aliuza kahawa ikiwa mtini ili nirudie. Kwetu tunaita butura: mnunuzi anakuja kahawa ikiwa bado kijani, anakupa fedha kidogo, na ikiiva ni yake. Ni biashara ambayo viongozi wameikataza miaka yote, na mzazi mwenye mtoto wa kusomesha ameifanya miaka yote. Nilikwenda kukaa Kayanga kwa ndugu, nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na jioni nikaenda tuisheni kwa mwalimu mstaafu aliyefundishia kibarazani kwake.

Alikuwa na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na karatasi za hisabati za miaka na miaka, nyingine zikiwa bado na jina la baraza la Afrika Mashariki. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alitugawia karatasi kumi za miaka tofauti na kutuambia tutafute swali la kwanza la kila karatasi, tuyapange sakafuni. Tulipiga magoti tukayasoma. Lilikuwa swali moja. Namba zilibadilika, ila lilikuwa ni lilelile: sehemu, desimali, kukadiria. Akatwambia tupange la pili, la tatu. Kipindi hicho karatasi ilikuwa na maswali kumi ya lazima, alama sita kila moja, kisha unachagua manne ya alama kumi. "Ninyi mnahangaika na yale manne," alisema, "na sitini zimelala hapa."

Ingekuwa hivyo tu ningemwita mjanja wa mitihani, na wapo wengi. Lakini alipotupa swali la sehemu na sisi, watu wazima wenye ndevu, tukashindwa kujumlisha theluthi na robo, hakutukaripia. Alifungua kitabu cha darasa la tano. Tulikaa na darasa la tano wiki tatu. Kisha la sita. Niligundua kwamba F yangu haikuwa ya kidato cha nne hata kidogo. Nilikuwa nimeibeba tangu nina miaka kumi na moja, na kila darasa lililofuata lilijenga juu yake kama mtu anayepandisha ukuta pasipo msingi.

La pili alilotufanyia lilikuwa la lugha. Kila swali, kabla ya kugusa namba, lilitakiwa lisemwe kwa Kiswahili kwa sauti. Ukishindwa kulisema, kalamu chini. Tulikuwa tumesoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba, kisha Januari moja tukaamka tukaambiwa ni kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ianze kufundisha kwa Kiswahili, kuanzia mwaka 1985. Serikali haikukubali. Nimesoma hoja za pande zote mbili na sina haja ya kuzirudia. Wasomaji wa umri wangu wamezibishania vya kutosha wakisubiri daladala. Nitasema tu nilichokiona kwenye kibaraza kile: mtu mzima aliyekuwa hajui anaulizwa nini, akiambiwa anachoulizwa, mara nyingi alikuwa na jibu.

Nilipata C. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Halafu nikasoma mipaka. Mwaka ule wa 2013 madaraja yalikuwa yamebadilishwa tena: A ilianzia 75, kukawa na B ya kawaida na B yenye jumlisha, C ilikuwa kuanzia 40 hadi 49, na F ilikuwa chini ya 20. Mwaka uliofuata divisheni zenyewe ziliondolewa, ukaja wastani wa pointi wenye majina kama ya vyeti vya nje, na mwanzoni mwa 2016 ukaondolewa nao, divisheni zikarudi. Kwa hiyo ninayo C ya mwaka mmoja ambao kipimo chake hakikudumu. Nisipoulizwa mwaka, sisemi mwaka. Fizikia na kemia sikuzirudia. Kahawa iliyokuwa mtini isingetosha. Nilikwenda kidato cha tano kusoma historia, jiografia na uchumi, na sijutii, ingawa mpaka leo nikipita penye maabara yenye dirisha wazi huwa napunguza mwendo.

*

Januari 2023 dada yangu alinipigia simu. Binti yake alikuwa anaingia kidato cha tatu, na shule imeleta fomu ya kuchagua masomo. Wanashauri aache fizikia na kemia. Shemeji yuko kazini Mwanza, basi mimi msomi nije nisaini.

Nilishuka kutoka Bukoba, Kyaka, Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Mwalimu niliyezungumza naye alikuwa muungwana na mkweli. Hisabati huwezi kuiacha, alisema, ni ya lazima. Lakini fizikia na kemia mtoto anaweza kuziacha, na akiziacha divisheni yake inapona, na ya shule inapona. Hakuwa anasema uongo. Miaka mitano mfululizo kabla ya hapo, nchi nzima, katika kila watahiniwa watano wa hisabati kidato cha nne alikuwa anafaulu mmoja hivi, na kufaulu kunaanzia alama 30. Shule inayotaka kupandisha wastani ina njia mbili. Moja ni ndefu.

Jioni nilikaa na mpwa wangu jikoni, ndizi zikichemka. Nilimpa swali la ukosefu wa usawa: mfanyabiashara anataka kununua mifuko isiyopungua mitano, ana fedha kadhaa, anaweza kununua mingapi. Lilikuwa kwa Kiingereza, kwenye kitabu chake. Akaandika alama ya chini ya tano. Nikamwambia asome tena, akaandika ileile. Yale maneno mawili ya Kiingereza yanayobeba "isiyopungua", yeye aliona ndani yake neno la udogo, basi akapeleka mdomo wa alama upande wa udogo. Nikamwambia, "Niambie kwa Kiswahili anataka nini huyu mtu."

"Mjomba, si nimeshasema."

"Kwa Kiswahili."

Akasoma kimya, midomo ikitembea. Kisha akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. "Kumbe anataka kuanzia mitano kwenda juu," akasema, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa. Akamaliza swali kwa dakika mbili.

"Unataka kuacha fizikia?"

"Nataka kuwa muuguzi au daktari. Lakini kwenye fizikia nilipata ishirini na sita."

Nilikaa na fomu usiku kucha. Ni rahisi kuandika hapa kwamba nilijua la kufanya. Sikujua. Kama akishikilia sayansi akafeli, nitakuwa nimemwadhibu kwa ajili ya dirisha langu mwenyewe la maabara. Kama akiziacha, hakuna kipimo kitakachosogezwa mahali popote kitakachomrudishia mlango ule. Asubuhi nilimuuliza yeye. Akachukua kalamu akaweka alama ya vema kwenye fizikia na kemia, nami nikasaini chini yake. Dada alitutazama wote wawili kama watu waliokopa fedha bila kumwambia.

Miaka miwili iliyofuata nilimpigia simu kila Jumapili. Nilimtumia picha za maswali, ya kwanza kumi kwanza. Tulirudi darasa la tano, akachukia, tukakaa huko hata hivyo. Novemba 2024 alifanya mtihani. Biolojia B, kemia C, jiografia C, fizikia D, hisabati D. Haikutosha kwa tahasusi yenye fizikia; alipangiwa kemia, biolojia na jiografia, pamoja na hisabati ile tumizi ambayo watu wa sayansi hawaikwepi. Uuguzi bado upo njiani. Udaktari, kwa fizikia ile, itabidi apite mlango wa nyuma wa stashahada kwanza, na ameshaanza kuuliza masharti yake.

Mwaka ule, kitaifa, waliofaulu hisabati walikuwa kama robo.  Nilijikuta nikienda kutafuta mipaka ya madaraja kabla ya kufurahi. Ilikuwa ileile ya mwaka uliotangulia. Nikafurahi.

Wakati anafunga mizigo ya kwenda kidato cha tano nilimletea sanduku la bati la babu. Lilikuwa na cheti chake, rozari, risiti za chama cha ushirika, na kitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne cha Godfrey na Siddons, kimeliwa na mende pembeni. Alikifungua kwenye logi. Akatoa kikokotoo chake kipya, akaandika logi ya 2. Kikatoa 0.3010299957. Akatembeza kidole kwenye ukurasa wa babu mpaka akaifikia: 3010. Karibu yake palikuwa na alama ya penseli, kistari kidogo, cha mtu aliyepita hapo mwaka 1961 akiwa na haraka.

"Babu alipata ngapi hesabu?" aliuliza.

"Nane."

"Za Cambridge?"

"Za Cambridge."

"Nane!" Akatikisa kichwa kwa heshima, akakifuta kitabu vumbi kwa kanga, akakiweka chini kabisa ya tranka, chini ya sare, mahali ambapo hakitakunjika.